Kabla ya Kuuliza Bei ya Kuziba Jino

Mama mmoja wa makamo aliingia chumbani ameshika shavu la kulia, kanga imefungwa kuanzia utosini mpaka chini ya kidevu. Nikamwamkia. Marahaba yake iliishia njiani, akapeleka kidole moja kwa moja kwenye gego la chini. "Hili hapa, baba. Ling'oe. Leo siku ya tatu silali. Dawa ya jino ni kung'oa, usinizungushe." Nikamwomba afungue mdomo. Kweli tundu lilikuwapo, tena jeusi tii, unaliona hata bila taa. Mwenye haraka angeshachukua koleo.

Nikapitisha kijiko kidogo cha kukwangulia juu ya ule weusi. Kiliteleza kama ukucha juu ya kigae. Hakuna kilichobanduka, na mama hakushtuka. Nikachukua kipande cha barafu, nikakizungushia pamba, nikakigusisha kwenye jino. Alihisi baridi, na baridi hiyo ikaondoka pamoja na pamba. Nikahamia taya la juu, kwenye gego ambalo hakulitaja kabisa. Kwa kulitazama lilikuwa zima, ila kwenye ukingo unaogusana na jirani yake palikuwa na kivuli cha kijivu, kama doa la mafuta linavyoonekana upande wa pili wa karatasi. Pamba ilipoligusa hilo, mama alinikamata mkono. Nilitoa pamba, lakini mkono wangu aliendelea kuushikilia.

Jino la chini lilikuwa limeoza zamani, pengine akiwa binti, kisha kuoza kukakoma kwenyewe. Lililobaki ni kovu. La juu ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Neva kubwa ya uso hupeleka matawi taya zote mbili, na ubongo ukipokea kelele kutoka tawi moja haushindwi kuibandika kwenye tawi lingine la upande uleule. Mgonjwa hakudanganya. Alionyesha anapoumia, akaongezea ushahidi wa tundu alilokuwa akilisikia kwa ulimi miaka nenda rudi.

Namtanguliza mama huyu kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu meno yameegemea upande mmoja. Siku hizi naulizwa kila wiki: nizibe kwa dawa nyeupe au ya fedha? Ile ya fedha si ina zebaki? Nyeupe inadumu? Ni maswali mazuri, lakini ni ya hatua ya pili. Hatua ya kwanza haimo hata kwenye ubao wa bei. Pita kwenye korido za kliniki za mjini usome: kung'oa, kuziba kwa kawaida, kuziba nyeupe, kutibu mzizi, kusafisha. Sijawahi kukuta mstari ulioandikwa "kuchunguza". Ada ya kumwona daktari ipo, lakini mgonjwa huihesabu kama kiingilio cha mlangoni. Kwake kazi huanza mashine inapolia. Na sisi tulio upande wa pili wa kiti tumelizoea jambo hilo, tunatazama dakika tatu na kuchimba nusu saa.

Kuoza kwa jino ni hesabu ya kutoka na kuingia. Ukoga unaoganda juu ya jino umejaa bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH mpaka karibu 5.5, enameli, yaani gamba gumu la nje, huanza kuachia kalsiamu na fosfeti yake. Mate yakipata nafasi, nusu saa hadi saa nzima, hupandisha pH na kurudisha sehemu ya madini yaliyotoka. Anayekunywa chai ya sukari mara mbili kwa siku pamoja na chakula ana deni linalolipika. Kijana wa bodaboda anayeibeba chupa moja ya soda tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, funda moja kila abiria, hayapi mate nafasi hata mara moja. Ndiyo maana siulizi mtu anakula sukari kiasi gani. Nauliza mara ngapi. Jibu la swali la kwanza huwa ni la kunifurahisha tu.

Hesabu hiyo ikianza kuharibika, dalili ya mwanzo ni doa jeupe la rangi ya chaki, na tundu bado liko mbali. Jino likiwa na mate doa halionekani, ukilikausha linajitokeza. Mfumo wa kimataifa wa kupima kuoza kwa meno, ICDAS, ulioanza kutengenezwa mwaka 2002, umeipanga safari nzima kwa alama za 0 mpaka 6. Alama ya 1 ni badiliko linaloonekana baada ya kukausha, 2 linaonekana hata kwenye mate, 3 enameli imebomoka kidogo, 4 kuna kivuli kutoka dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli, 5 tundu liko wazi, 6 tundu limekula sehemu kubwa. Alama ya 1 na ya 2 hazihitaji kuchimbwa. Zinahitaji dawa ya meno yenye floridi, mswaki unaofika mahali penyewe, na sukari kupunguzwa mara zake. Gego la juu la mama yule lilikuwa 4, hatua inayowapita wengi kwa kuwa juu kumefunika. Lake la chini kwa umbo lilikuwa 5, lakini limelala. Alama inakuambia ugonjwa umefika wapi. Kama bado unatembea, hilo utalijua kwa ulaini, kwa unyevu, kwa ukoga uliokaa juu yake. Weusi peke yake hauna habari nyingi. Kuoza kunakokimbia mara nyingi ni kwa rangi ya manjano au kahawia hafifu, laini kama jibini, na mgonjwa hulidharau kwa sababu halitishi.

Sisi wa umri wangu tulifundishwa kuchoma ncha kali ndani ya mifereji ya gego. Ikinasa, umepata ugonjwa. Leo tunajua ncha ile inaweza kuvunja ngozi nyembamba ya enameli iliyokuwa bado inashikilia, ukatengeneza tundu palipokuwa na doa tu. Kilichochukua nafasi yake ni jino safi, jino kavu, mwanga wa kutosha, na ncha ya mviringo inayopita bila kuchoma. Hakuna hata kimoja hapo cha gharama kubwa. Kinachogharimu ni muda.

Palipogusana meno mawili jicho halifiki, na hapo ndipo picha ya eksirei ya kung'ata inapostahili heshima yake. Howard Raper wa Marekani aliileta mwaka 1925. Mgonjwa anang'ata kibawa kidogo kilichoshikilia filamu, na taji za meno ya juu na chini zinatokea pamoja kwenye picha moja. Kwa mama yule ingemaliza ubishi kwa dakika tano. Siku ile mashine ilikuwapo, filamu zilikuwa zimekwisha, na hali hiyo kila aliyefanya kazi wilayani anaijua. Picha nayo ina lake: madini yanapaswa kupotea mengi kabla doa halijaonekana, hivyo ugonjwa huwa umeingia ndani kuliko picha inavyokiri.

Kosa jingine la utambuzi ni la kwetu hasa. Miteremko ya Mlima Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zina maji yenye floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Ukifika Maji ya Chai, Arumeru, huhitaji kuambiwa. Karibu na hapo, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti kilichojikita katika kuiondoa floridi hiyo kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Na aliyekulia maeneo hayo, au kwenye nyumba iliyolainishia maharage na makande kwa magadi, ambayo nayo hubeba floridi, anaweza kuwa na meno yenye mistari ya kahawia na vishimo vidogo. Mtu huyo akihamia Dar es Salaam au Nairobi akakaa kwenye kiti cha asiyejua, ataambiwa meno sita yameoza. Nimekutana na binti aliyechimbwa manne ya mbele namna hiyo. Tofauti ipo wazi ukiitafuta. Floridi hutia alama kwa jozi, kulia na kushoto sawa, kwenye meno yaliyokomaa wakati mmoja, hata katikati ya uso laini wa jino. Kuoza hukaa panapotuama ukoga: mifereji ya magego, baina ya meno, kando ya fizi.

Kosa hilo linafuatwa na lingine la vifaa. Enameli iliyoshiba floridi huikataa asidi inayotumika kuandaa jino kabla ya kubandika dawa nyeupe, na isipopewa muda zaidi, dawa hiyo haishiki. Binti yule alirudi na vipande viwili kwenye karatasi ya shashi.

Maumivu nayo yanasomeka vizuri ukiyasikiliza kabla ya kugusa chochote. Baridi inayochoma na kuondoka na kitu chenye baridi inasema kiini cha jino kinaudhika lakini kinaweza kupona. Maumivu yanayokuja yenyewe, yanayoamsha usiku, yanayobaki baada ya barafu kutoka, yanasema kiini kinakufa. Hapo kuziba, kwa dawa nyeupe au ya fedha, ni kufunga mlango moto ukiwa ndani ya nyumba. Yaliyobaki ni kutibu mzizi au kung'oa, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipia kizibo kitakachomrudisha analia baada ya siku mbili.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kila kimoja kina masharti yake, na masharti hayo ndiyo ninayoyaona yakirukwa.

Amalgamu, ile ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Mchanganyiko huo ulipata uwiano wa kuaminika mikononi mwa Greene Vardiman Black wa Chicago mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo umeziba magego ya dunia nzima. Sifa yake kubwa ni uvumilivu: mate kidogo hayaiharibu, taa haihitaji, umeme ukikatika kazi inaendelea. Ubaya wake ni kwamba haishikani na jino. Lazima uichimbie shimo lenye kiuno chembamba juu na pana chini ili isitoke, na ili kupata shimo hilo unakata jino zima lisilo na kosa. Kizazi baada ya kizazi tulipoteza jino zuri kwa kufuata umbo la kizibo.

Kilichoiondoa, hata hivyo, si hilo. Ni zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani uliosumishwa na zebaki ya kiwanda, ulisainiwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Mwaka 2022 huko Bali nchi wanachama zilikubaliana kliniki zisitumie zebaki ya chupa, na amalgamu isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Umoja wa Ulaya ukaifunga tangu Januari 2025. Novemba mwaka huohuo, Geneva, ukakubaliwa mwisho wa amalgamu kwa dunia nzima: 2034. Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kusukuma hilo, na sababu zipo. Zebaki kwa Mtanzania ni jina la Geita na Chunya kabla halijawa la kliniki, na iliyoingia nchini kwa kisingizio cha meno haikosi njia ya kufika kwenye karai la mchimba dhahabu.

Neno moja kwa wanaonipigia simu wakitaka zitolewe: kizibo cha zamani kilicho kizima kiache. Kukichimba ndiko kunakoachia mvuke mwingi, na kila ukichimba unaondoka na jino kidogo.

Amalgamu ikitoka, mlango ulioachwa wazi umeingiwa na kompositi, dawa nyeupe. Kliniki inaitangaza kwa picha za kabla na baada, mgonjwa anaiomba kwa jina, na bei yake inasimama vizuri kwenye ubao. Sina ugomvi nayo. Msingi wake ni resini aliyoitengeneza Rafael Bowen, ikapewa hataza mwaka 1962, na ikiwekwa vizuri ni kazi nzuri kabisa: inashika jino, haihitaji lile shimo la kiuno, inaonekana kama jino. Lakini soma masharti yake. Jino lioshwe kwa asidi ya fosforasi kwa sekunde kama 15 hadi 30, lisuuzwe, likaushwe kwa kiasi, lipakwe gundi, lianikwe taa ya bluu, kisha dawa iingizwe tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita mbili hivi, na kila moja iangaziwe. Katika muda wote huo tone moja la mate likiingia, gundi imeharibika. Na inapoganda, kompositi husinyaa kwa asilimia mbili tatu, ikijivuta kutoka kwenye kuta.

Kosa langu mwenyewe nilisimulie. Miaka ya nyuma, katika kliniki nisiyoitaja, nilimzibia mwalimu mmoja gego la chini kwa kompositi. Umeme ulikuwa wa kuja na kukatika, taa yetu ilikuwa ya betri, na betri ilishazeeka. Mwanga ulitoka, bluu, mzuri kwa macho. Hatukuwa na kipimo cha nguvu yake wala sikuuliza. Juu kizibo kiligonga kama kaure. Mwalimu aliridhika, nami nikaridhika. Miezi saba baadaye alirudi. Nilipokifungua, juu palikuwa pagumu kweli, chini dawa ilikuwa bado kama ubani uliotafunwa, na pembezoni mwake dentini imelainika. Kwenye kadi yake niliandika "kizibo kimeshindwa". Kilichoshindwa ni taa, na aliyeshindwa kuipima ni mimi.

Jambo linalonikera hasa ni kwamba jibu la mazingira ya namna hiyo lilizaliwa hapahapa. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakihangaika na swali la watoto wa shule ambako hakuna umeme wala maji ya bomba wala mashine. Wakajaribu kuliondoa lililooza kwa vifaa vya mkono tu, bila drili, mara nyingi bila ganzi, kisha kuziba kwa saruji inayojishika yenyewe kwenye jino. Njia hiyo ikaitwa ART, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kuziba bila kumtia mgonjwa kiwewe. Ikapimwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na Siku ya Afya Duniani ya 1994 Shirika la Afya Duniani likaitambulisha kwa dunia. Leo inafundishwa Brazil, Uchina, Uholanzi. Ukimwuliza mwanafunzi wetu asili yake, wengi hutaja Ulaya.

Saruji iliyoipa ART nguvu ni glasi-ayonoma, ambayo kazini tunaiita GIC. Alan Wilson na Brian Kent waliitoa kwenye maabara ya serikali London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga wa glasi na asidi ya poliakriliki. Vikikutana vinagandana, na wakati wa kugandana asidi hiyo inashikana kikemia na kalsiamu ya jino. Haidai gundi wala taa. Inavumilia unyevu kiasi ambacho kompositi isingekubali, na huachia floridi kidogo kidogo pembeni yake.

Kuiweka ni kazi ya mikono inayopendeza kuitazama. Kijiko kimoja cha unga, kimesawazishwa, juu ya karatasi. Chupa ya asidi unaishika wima kabisa, tone la kwanza lenye povu unalitupa, la pili ndilo lako. Unagawa unga mara mbili, unakoroga kwa mwiko wa plastiki kwa sekunde kama 30, na mchanganyiko ukiwa bado unang'aa unauingiza kwenye jino. Ukisubiri mng'ao upotee umechelewa, hautashika. Kisha unapaka vaselini kwenye kidole cha glavu na kukandamiza juu ya gego, kama unavyobana unga wa maandazi, ili saruji iingie hata kwenye mifereji ya jirani. Mtoto anang'ata, ziada inaondolewa, anaambiwa asile kwa saa moja. Hakuna mlio wowote, na watoto waliobaki kwenye benchi nje hawakimbii.

Upande wa lawama nao upo. GIC ni dhaifu kuliko zote tatu. Kwenye tundu la uso mmoja hufanya kazi vizuri sana: tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwenye meno ya utoto zaidi ya tisa kati ya kumi vinadumu miaka miwili. Tundu likila nyuso mbili au zaidi kwenye meno hayohayo, vinavyodumu hushuka hadi karibu theluthi mbili. Wanaoitangaza ART kama dawa ya kila kitu wanaidhuru. Na joto letu linaidhuru pia, kwani asidi iliyokaa kwenye stoo ya bati mwezi Februari inakuwa nzito kama asali, na unga uliovuta unyevu wa pwani haukorogeki sawasawa. Fundi anaongeza tone ili ulainike, na hapo kashausaini mkataba wa kizibo kitakachomomonyoka.

Hata hivyo lawama kubwa ninayoisikia si hizo. Ni kwamba GIC ni "dawa ya wilayani", ya mpango wa mashuleni, ya asiye na uwezo. Nimemsikia mzazi akikataa mwanawe azibwe "kwa ile ya kukorogwa" na kulipia kompositi kwenye jino la utoto la mtoto wa miaka mitano, mtoto anayelia, mdomo umejaa mate, jino lenyewe ni la kung'oka baadaye. Hapo kifaa kimechaguliwa kwa rangi na hadhi. Kingechaguliwa kwa jino, kwa mate na kwa umri, GIC ingeshinda bila mjadala, au hata floridi ya fedha. Hiyo ni maji yanayopakwa kwa brashi kwenye tundu la mtoto na kusimamisha kuoza bila kuchimba. Japani imeitumia tangu 1970, na pamoja na GIC imeingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Inageuza tundu kuwa jeusi kama mkaa, na wazazi wanaiogopa kwa hilo. Weusi uleule wa kovu la yule mama.

Kwa jino la mtu mzima lenye tundu kubwa kwenye gego, na mahali pakavu panapatikana, taa imepimwa na mgonjwa ana uwezo, nachagua kompositi, mara nyingi nikiwa nimelaza GIC chini yake karibu na kiini. Tundu likiwa refu sana, siku hizi siikwangui dentini yote laini ya chini mpaka nikitoboe kiini. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana Ubelgiji mwaka 2015 kwamba iliyo karibu na kiini iachwe, kuta zisafishwe mpaka zigonge, kisha pafungwe vizuri. Bakteria waliofungiwa bila sukari hawana la kufanya. Walionifundisha wangenifukuza darasani kwa sentensi hiyo.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu 2034 ni namna tunavyojiandaa. Naona maombi ya taa za bluu na kompositi yakiandikwa kwa vituo ambavyo havina hata hewa ya kukaushia jino. Kama ningekuwa mganga mkuu wa wilaya, fungu la kwanza lingenunua GIC nzito, vioo, vijiko vya kukwangulia na jokofu dogo la kuzihifadhia. La pili filamu za eksirei. Taa ingekuja ya tatu, na kipimo chake ndani ya boksi hilohilo. Na matabibu wa meno, ambao ndio mikono halisi ya huduma hii nje ya miji, wangerudishiwa wiki mbili za mafunzo ya kutazama tu: kukausha, kupitisha ncha ya mviringo, barafu, kuuliza maumivu. Kanda ya Afrika ina madaktari wa meno karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia kwa idadi ya watu. Tukiwapima wachache hao kwa idadi ya vizibo, tutapata vizibo.

Mama yule nilimweleza habari ya kutibu mzizi. Akaniuliza ni wapi, nikamtajia mji, akauliza nauli, akanyamaza. Gego la juu nikaling'oa. Baada ya ganzi kuanza kupungua alipeleka ulimi chini, akalikuta lile jeusi bado lipo.

"Hili umeliacha?"

"Nimeliacha, mama. Halina tatizo."

"Lakini ni jeusi."

"Ni jeusi, ndiyo."

Hakusema kitu. Nikamwandikia kwenye kadi arudi baada ya miezi sita, nilitazame. Aliondoka na pamba yake mdomoni, na dakika mbili baadaye alikuwa tena mlangoni, kadi mkononi. Dirishani pa malipo walitaka kujua "kulitazama" ni huduma ipi, kwa maana haimo kwenye ubao.